Habari ya Msiba Iliyopitia Mwezini

Likasi, kambi ya Panda
Jumapili ya Matawi, 27 Machi 1994

Kwa Yaya Veronika,

Yaya wangu, nakuamkia wewe kwanza kwa kuwa ndiwe dada yetu mkubwa, kisha namwamkia Mama kwa magoti yote mawili. Jicho lake linaonaje sasa? Mguu wako uliovimba wakati wa Noeli umepungua? Na mihogo ya bondeni, mvua imeikubali mwaka huu? Mimi ni mzima wa mwili. Nimekonda, lakini huku kila mtu amekonda, hata tumeacha kuambiana.

Barua hii anaileta dereva wa lori la samaki, yule mwenye kovu kidevuni, maana posta ya hapa imebaki dirisha, nyuma yake hakuna mtu. Pamoja na barua atakupa daftari lenye jalada la bluu. Liweke ndani ya sanduku lako la vitenge, chini kabisa, na watoto wasilichane wapate karatasi za shule. Nitakueleza ni la nini. Ukishajua utaelewa kwa nini linatoka nyumbani kwangu leo na halingojei kesho.

Habari ya kifo cha bwana yangu Teofili uliipata kwa mdomo wa abiria, najua, tena nusu nusu. Alikufa mwishoni mwa Novemba, kwa homa, siku kumi na moja tangu alale. Siku ya tisa aliomba ugali wa moto na akala kiasi cha vidole viwili. Siku ya kumi aliniuliza kama nimefunika redio, maana paa linavuja pembeni. Ndilo neno la mwisho aliloniambia lenye maana. Nilikuwa nimeifunika.

Ulipokuja kwenye komunyo ya kwanza ya binti yetu Godeliva uliniuliza mbona tumetundika vitanda vya chuma juu ya nguzo uani. Nilicheka nikakuambia ni mambo ya bwana. Vile si vitanda, Yaya, ni antena. Teofili alizitengeneza mwenyewe kwa mabomba mepesi aliyoyaokota kazini kwake, kwenye karakana ya umeme, nne pamoja kwenye fremu moja, na mnyororo wa baiskeli wa kuzigeuzia. Redio yenyewe aliachiwa na padre mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao, pamoja na ruhusa ya serikali ya wakati ule, karatasi yenye mhuri ambayo leo hakuna ofisini anayejua kuisoma.

Alianza kwa kusikiliza setilaiti ndogo zinazorushwa na watu wapenda redio kama yeye. Zinapita juu kama mtu wa baiskeli anayepiga kengele: dakika kumi na tano unaisikia, kisha imeshuka nyuma ya vilima. Baadaye akataka mwezi wenyewe. Unaupelekea mwezi sauti, inaugonga kama ukuta, sauti inarudi duniani mahali pengine kabisa ambako mtu anangoja. Huwezi kuzungumza kwa maneno, sauti inafika imechoka mno. Unagonga herufi za Morse, taratibu, dakika mbili wewe, dakika mbili mwenzako, na muda mwingi unasikia mvumo tu kama mafuta kwenye kikaango. Katikati ya fremu alifunga kipande cha bomba cha kuchungulia. Ukiuona mwezi ndani ya bomba, antena zote zimeuelekea. Alipenda mwezi wa alasiri, ule mweupe ambao watu hawauangalii.

Mimi nilikuwa nakaa pembeni na daftari, naandika herufi anazozitaja. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Siku moja, mwaka wa kumi wa ndoa yetu, alinishika kidole akaniwekea juu ya kigongeo, nikagonga jina langu: A, N, A. Tukangoja. Ukisema sekunde mbili na nusu ni kitu kidogo, jaribu kuzingoja. Kisha nikasikia jina langu linarudi kutoka mwezini, jembamba, kama limetembea njia nzima kwa miguu. Teofili akasema, "Sasa weye ulifika kule, Mama Goda. Minye bado." Hapo ndipo alipoanza kuniita mwenye mwezi.

Mtu wake mkubwa wa huko ng'ambo ni mzee mmoja wa Uswidi anayeitwa Olof. Miaka kumi na mmoja wanaonana kwa njia hiyo, siku mbili tatu kila mwezi, kwa miadi wanayoiandika mwaka mzima mapema. Hawakuwahi kusikiana sauti. Olof anagonga jina la redio la Teofili, herufi na tarakimu, Teofili anagonga la Olof, na herufi O ndiyo inayosema nimekusikia. Ni hayo tu. Mimi nilikuwa nawaza, watu wazima wawili wanaambiana nimekusikia, nimekusikia, miaka yote hiyo. Nilipokuwa mjane nikaelewa.

Maana Desemba, siku ya miadi, niliwasha redio kwa betri ya gari, sijui kwa nini, labda ili nivae visikizio vyenye harufu ya kichwa chake. Nikamsikia Olof anamwita. Anaita dakika mbili, ananyamaza dakika mbili kumngoja, anaita tena. Saa nzima. Januari vilevile. Februari vilevile. Yaya, kusikia mtu anamwita bwana yako kutoka mwezini, na bwana yako yuko makaburini chini ya udongo ambao bado haujakauka vizuri, si jambo la kusimulia. Nilikuwa natoa visikizio nakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Februari hiyo alikuja Tantine Marta, shangazi yake Teofili, kupanga siku ya kunivua kitambaa cheusi. Desturi yao unaijua kidogo. Kabla ya kumvua mjane, shangazi anauliza ni nani hajaambiwa. Anataja ndugu, marafiki, watu wa kazini, mpaka fundi wa viatu. Akibaki hata mmoja anayemdhania marehemu yuko hai, matanga hayajaisha.

"Bado nani?" akaniuliza.

"Bado mutu moja, Tantine."

"Anaishi wapi?"

"Uswidi."

"Njo wapi? Kule ya Kipushi?"

"Ulaya, Tantine. Anasemaka na Teofili kupitia mwezi."

Hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Na anamuitaka mpaka leo?"

"Kila mwezi."

"Bon. Basi utamuambia kwa njia ya ule ule mwezi. Minye sitoe kitambaa wakati kuko mutu anaita mutoto yangu."

Kumwambia si kama kusikiliza. Kusikiliza betri inatosha. Kutuma kunataka umeme wa nguzoni na sanduku la pili la kuongeza nguvu, na hapo ndipo penye neno. Nyaya za mtaa wetu zimeibwa, kwa hiyo nyumba tatu tunakula kwenye waya mmoja: sisi, nyumba tupu ya pembeni, na Mama Kalonda mwenye mashine ya kusaga unga. Teofili alipokuwa anatuma, kila mstari mrefu wa Morse uliilemea mashine ile. Inalia chini, inasimama kidogo, inainuka. Mama Kalonda ni mtu wa makanisa ya uamsho, mcheshi. Alikuwa anasimama ukutani anapaza sauti, "Mama Goda, ambia bwana yako, akimaliza kusalimia bamalaika anirudishie mashine yangu." Teofili anaitikia, "Banakusalimia pia, Mama Kalonda." Tangu azikwe, mashine ilikuwa imesaga miezi mitatu na zaidi bila kulia hata mara moja.

Mwanzoni mwa Kwaresima gari lilipita na kipaza sauti. Kila mwenye foni, yaani redio ya kutuma, aipeleke komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kabla tarehe 28 Machi haijaisha. Atakayekutwa nayo baada ya hapo atapelekwa Buluo. Buluo ni gereza, Yaya, huku tukitaja jina hilo tunapunguza sauti. Muuza chumvi mmoja wa mtaa wa chini alitii siku ileile. Alibeba foni yake kwenye toroli, akaambiwa akae kwenye benchi angoje risiti. Mkewe sasa anapeleka chakula Buluo kila Alhamisi, na hajui kama kinamfikia. Kwa hiyo ukiificha ni Buluo, ukiipeleka huenda ikawa Buluo. Ila nilijua nitaipeleka, sina moyo wa kuficha kitu. Nilichotaka ni miadi ya Machi tu, nimwambie Olof, kisha waichukue.

Miadi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na Jumapili yake. Nilimuuliza Mama Kalonda kama Jumamosi atafungua. Akasema hapana, wana siku tatu za kufunga na kuomba, mashine imelala mpaka Jumatatu. Nikashukuru moyoni. Umeme haukuwepo tangu Alhamisi, nikakaa naomba urudi. Ukarudi saa saba mchana. Nikasahau jambo ambalo kila mtu wa Panda analijua: umeme ukirudi baada ya siku mbili za giza, hakuna anayebaki kwenye maombi. Mama Kalonda aliacha Haleluya katikati akakimbia na funguo, na nusu ya kanisa ikamfuata na mabeseni ya mahindi. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa visikizio, sisikii la nje.

Saa tisa niliuona mwezi ndani ya bomba, nusu yake, mweupe kama kipande cha sabuni. Olof alikuwa anamwita. Nikagonga jina lake na la Teofili, dakika mbili. Zamu yake ikaja, na kutoka ndani ya mvumo ikatoka O. O. O. Yaya, alifurahi. Morse haina furaha, lakini alizigonga kwa haraka kidogo kuliko kawaida yake, mzee ambaye kwa miezi mitatu alikuwa haitikiwi. Ndipo nikamgongea kwa Kifaransa kwamba amekufa: TEOFILI MORT. Sijui kama anakijua Kifaransa, ila neno hilo nadhani linajulikana kila mahali. Nililigonga lile neno moja, MORT, MORT, MORT, mpaka dakika mbili zikaisha. Zamu yake ikapita kimya. Nikarudia.

Nilipoinua kichwa kulikuwa na mtu dirishani. Askari, ajida kwa cheo, mwenye nywele nyeupe kidogo kando ya masikio, na beseni la unga begani.

"Usistuke, Mama," akasema. "Minye nilikuya kusaga tu. Sisi pia tunakulaka."

Nikavua visikizio nimsikie vizuri.

"Mashine ule pale inasema mort," akasema. "Ilisema mara kumi na ine. Nilihesabu. Minye nilisoma transmisio, kazi ya redio ya jeshi, miaka mbili. Sijasikia hata siku moja mashine ya unga ya bukari inatuma Morse."

Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, hapakuwa na sauti. Mama Kalonda alikuwa amezima. Baadaye nilisikia kwamba mashine ilipoanza kulia wanawake wote waliweka mabeseni chini, kwa sababu wote walijua ni nani aliyekuwa anailiza, na wote walikuwa wamekula matangani kwake. Mmoja alikimbia akaacha mahindi yake. Mama Kalonda alisimama na mkono kwenye swichi akasema polepole, "Teofili, tuachilie."

Ajida aliingia bila kukaribishwa, ila alivua kofia. Nilimweleza yote, kuanzia Olof mpaka kitambaa. Alisikiliza akitazama antena uani. Kisha akashika visikizio, akageuza kimoja akaweka sikioni mwake, kingine akanirudishia. Tukakaa hivyo, vichwa karibu karibu kama watoto wawili kwenye tundu moja la mlango, tunangoja zamu ya Olof. Dakika mbili za mvumo. Hakuna kitu.

"Hakusikia," akasema.

"Alisikia. Mutu akipata habari ya kilio haongeake palepale."

Akanitazama. "Njo vile," akasema. "Minye pia, ya mama yangu, sikuongea." Na umeme ukakatika, kama kawaida ya mashine za umeme za Koni siku hizi.

Jumapili nilirudi kwa betri, kusikiliza tu. Mwezi ulikuwa umenenepa kidogo. Nilikaa saa nzima ya miadi na nusu saa ya ziada. Olof hajawahi kukosa miadi hata moja katika daftari zima, hata mwaka aliovunjika nyonga. Siku ile hakuita. Mvumo tu, safi, mpana, kama chumba kilichofagiwa. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba hakukuwa na mtu duniani anayemwita Teofili akidhani yupo. Nililia vizuri, Yaya, kilio ambacho nilikuwa sijakilia. Kisha nikafunika redio, maana paa bado linavuja.

Tangu hapo siku hazikwenda vizuri. Jumanne wanaume wawili walisimama kwa Mama Kalonda bila mahindi, wanatazama antena. Jumatano walirudi. Watu wananiamkia wakiwa wameshapita. Mama Kalonda peke yake alikuja, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mama Goda, ungeniambia ningefunga. Mungu anajua ningefunga." Nikamwambia najua.

Alhamisi ajida alikuja asubuhi, bila beseni. Hakuingia. "Hapana minye peke yangu nilisikia," akasema. "Kapiteni anauliza ni nani anatuma mort, na ni mort ya nani. Nilimuambia ni mashine mubovu. Hakuniamini." Akasema mambo mawili. Niipeleke foni mwenyewe, Jumatatu mapema, kabla hawajaja kuichukua, kwani anayekuja kwa miguu yake na anayeletwa hawaandikwi sawa. Na daftari lisikutwe nyumbani. Miaka kumi na mmoja ya tarehe, saa, herufi na tarakimu, mtu asiyejua atasoma nini humo? "Choma," akasema.

Nilikaa na kiberiti mbele ya daftari. Pembeni mwa ukurasa mmoja kuna alama ya kikombe cha kahawa, na chini yake mwandiko wake: Ana alitupa kahawa kwa sababu ya nyoka. Hakukuwa na nyoka, ulikuwa mkia wa waya. Ukurasa mwingine ameandika jina langu na saa liliporudi. Sikuweza kuchoma. Ndiyo maana linakuja kwako. Ukiulizwa, ni hesabu za mvua.

Leo baada ya Misa Tantine Marta alikuja na tawi lake mkononi. Akauliza, "Bado nani?" Nikasema, "Hakuna tena." Akanivua kitambaa, akakikunja mara nne, akanipaka mafuta kichwani. Shingo yangu inahisi upepo, nilikuwa nimeisahau hali hiyo. Mama Kalonda alituletea unga wa bure, akakataa kukaa.

Antena nimeziteremsha mwenyewe. Nguzo imebaki, sikuweza kuing'oa. Redio na sanduku la pili nimevifunga kwenye blanketi la kijivu, na toroli nimeazima. Karatasi yenye mhuri nimeiweka juu ili waione kwanza. Nitaondoka kesho saa kumi na mbili na nusu, nifike komini mlango unapofunguliwa. Nimefunga vitenge viwili na sweta moja, kwa kuwa wanasema kwenye benchi lile kuna baridi. Sikumwandikia Godeliva, asije akapanda gari kutoka Kolwezi na mimba yake. Ukisikia kitu, mwambie wewe, taratibu, na ajifungue kwanza.

Nisalimie Mama, umwambie nimevuliwa kitambaa, atafurahi, mengine usimwambie. Nisalimie shemeji yangu katekista, na marraine wangu aliyenishika kisimani nikibatizwa, na binti yako wa mwisho ambaye nadhani sasa ananipita urefu. Msalimie kaka yetu wa kwenye mitego, anayesema atakuja Likasi kila mwaka.

Yaya, jioni mwezi utatoka umejaa. Ukiwa uani unapepeta, utazame kidogo. Unikumbuke.

Mimi mdogo wako,
Ana